Kalamu na Koo: Wimbo ni Mali ya Nani?

Swali lenyewe ni la kijiweni, halihitaji digrii. Mtu mmoja katunga wimbo. Maneno yake, muziki wake, kila kitu kimetoka kichwani mwake usiku wenzake wamelala. Mtu wa pili kauimba, na watu wameupenda kupitia sauti ya huyo wa pili. Halafu wawili hawa wakakosana. Wimbo ubaki kwa nani? Na yule mwenye kalamu ana haki gani juu ya yule mwenye koo?

Sisi tunaosoma na kuandika katika kurasa kama hizi wengi tunajihesabu upande wa kalamu, kwa hiyo jibu letu la haraka linajulikana hata kabla hatujalitamka: wimbo ni wa mtunzi, mwimbaji ni mpita njia. Mimi naona jibu hilo ni jepesi mno. Naomba, ndugu msomaji, nikupeleke mbali kidogo, mpaka Finland kwenye theluji, kwa bendi iitwayo Nightwish. Nimechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Ukitaja ugomvi wa bendi za hapa nyumbani kila mtu tayari ana upande wake, na mjadala unageuka ushabiki wa Simba na Yanga.

Hadithi inaanza Julai 1996 katika mji wa Kitee, mashariki ya Finland, si mbali na mpaka wa Urusi. Ni mji mdogo, wenye watu wapatao 10,000, na Wafini wenyewe walikuwa wanaujua zaidi kwa gongo inayopikwa huko kuliko kwa muziki. Kijana mmoja mpiga kinanda, Tuomas Holopainen, alikuwa amekaa na rafiki zake usiku wakiota moto. Wazo likamjia: kwa nini asitengeneze muziki mtulivu wa usiku, wa gitaa kavu, kinanda na sauti ya mwanamke? Akamchukua Emppu Vuorinen apige gitaa. Akamfuata na Tarja Turunen, binti wa miaka 18 wa hapo hapo Kitee, aliyekuwa anasomea uimbaji wa kiklasiki.

Wakarekodi kanda ya majaribio. Mpango ukaharibika hapo hapo, ila uliharibika kwa heri. Sauti ya Tarja ilikuwa kubwa mno kwa gitaa kavu. Mwimbaji wa opera hufundishwa kujaza ukumbi mzima na kusikika juu ya okestra bila kipaza sauti, sasa umweke karibu na moto na gitaa moja, itakuwaje? Ni sawa na kumfungia simba kwenye banda la kuku. Tuomas alikuwa na njia mbili. Angeweza kumwambia binti apunguze, ajibane, alingane na nyimbo. Au angeukuza muziki mpaka ufikie kimo cha ile sauti. Akachagua ya pili. Gitaa kavu likawekwa kando, likaja la umeme, akaongezwa mpiga dramu aitwaye Jukka Nevalainen, na muziki mtulivu wa usiku ukageuka kuwa metali.

Hatua hiyo ikumbuke, msomaji, maana kesi yote imelala hapo. Tutairudia.

Kwa asiyeujua muziki huu, nieleze kidogo. Metali ni ule muziki wa gitaa za umeme zilizokwaruzwa kwa makusudi, dramu za kasi, na kelele ambayo wazazi hawaitaki ndani ya nyumba. Metali ya simfoni huongeza juu yake vinanda, kwaya, na bendi ikiwa na uwezo, okestra kamili ya fidla na tarumbeta. Ukisikia maelezo tu utadhani ni vurugu. Lakini gitaa zile nzito hukaa chini na katikati, na sauti ya juu ya mwanamke, soprano, hupita juu yake kama ndege juu ya msitu. Hawagombanii nafasi. Nightwish hawakuwa wa kwanza kuuchanganya mchanganyiko huu. Therion wa Sweden walitoa Theli mwaka 1996, na Theatre of Tragedy wa Norway walikuwa na mwimbaji wao Liv Kristine kabla ya hapo. Ila Nightwish ndio waliouleta mbele za watu wengi, na sababu kubwa ilikuwa lile koo.

Albamu ya kwanza, Angels Fall First, ilitoka 1997. Ndani yake Tuomas mwenyewe alijaribu kuimba baadhi ya sehemu. Baada ya hapo akaiacha kazi hiyo kwa wenye nayo. Kalamu ilijaribu kujifanya koo, ikaona haiwezi. Mwaka 1998 ikaja Oceanborn, mwaka 2000 Wishmaster. Mwaka huo huo wa 2000 waliingia mchujo wa Finland wa mashindano ya Eurovision, watazamaji wakawapigia kura kwa wingi, majaji wakamchagua mwingine. Mwaka 2001 bendi ilikaribia kufa. Tuomas alichoka, mpiga besi akaondoka, akaja Marko Hietala na gitaa lake la besi na sauti nzito ya kiume. Century Child ikafuata 2002. Kisha, mwaka 2004, Once: okestra kutoka London, kwaya, na namba moja katika orodha za mauzo za Finland na Ujerumani. Vijana wa mji wa gongo wakawa wanajaza kumbi nchi za watu.

Haya. Nani aliyefanya yote hayo?

Tumpe kwanza mwenye kalamu nafasi yake. Sehemu kubwa ya nyimbo zile ilitoka kwa Tuomas, muziki na maneno. Mtu huyu alikaa miaka mingi akitunga. Bila yeye Tarja angekuwa mwimbaji mzuri wa kiklasiki kama walivyo wengi, akiimba nyimbo za watunzi waliokufa zamani. Anayeona dunia nzima haipo, akaiumba kwa maneno, huyo hana kazi ndogo. Sisi wenyewe tunajua uchungu wa kuandika kitu, kisha mtu akisome jukwaani na watu wamshangilie yeye. Pwani yetu inalijua hili tangu zamani. Kwenye taarabu mshairi huandika, fundi hutia muziki, halafu siku ya onyesho watu huinuka na noti zao kwenda kumtunza mwimbaji. Mshairi yupo pale nyuma, au yuko nyumbani kalala. Hakuna anayemchomekea noti.

Sasa tusikilize na upande wa koo. Kumbuka pale Kitee. Tuomas alitaka muziki wa gitaa kavu. Aliyemfanya aandike metali hakuwa kitabu wala ndoto yake, ilikuwa ile sauti. Maana yake kila wimbo alioandika kwa miaka tisa alikuwa anauandika huku akijua nani atauimba, sauti yake inafika wapi, inang'aa wapi, inachoka wapi. Mshonaji hushona nguo kwa kipimo cha mwili. Ukiisifu nguo, utasemaje kuwa mwili haukuwa na sehemu? Koo halikuwa chombo tu cha kupitishia nyimbo zilizokwisha kamilika. Lilikuwa mmoja wa wazazi wa nyimbo zenyewe, hata kama halikushika kalamu.

Wanasheria wameliona hili kwa namna yao. Ndiyo maana sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inazungumzia hakimiliki na pia hakishiriki: mtunzi ana fungu lake, na anayeimba au kupiga ala ana fungu lake. Sheria imetambua kwamba kutekeleza kazi ya sanaa nako ni kazi. Lakini sheria inagawa fedha na vibali. Haituambii tuishi vipi na mtu ambaye tumeumba naye kitu kisha tumemchoka. Hilo ni swali la utu, na ndilo lililowapata hawa jamaa mwaka 2005.

Tarehe 21 Oktoba 2005 Nightwish walifunga ziara ndefu ya Once kwa onyesho kubwa Hartwall Areena, Helsinki. Watu zaidi ya 11,000 ndani. Kamera zinarekodi, picha hizo zilitoka mwaka uliofuata kwa jina la End of an Era. Onyesho likaisha, watu wakashangilia mpaka wakachoka. Baada ya hapo wale wanaume wanne wakamkabidhi Tarja barua. Walikuwa wanamwambia kwamba basi, safari yao pamoja imefika mwisho. Na haikuwa barua ya watu watano. Iliwekwa kwenye tovuti ya bendi, dunia nzima isome pamoja naye.

Ndani ya barua walidai kwamba mwenzao amebadilika, kwamba fedha na mambo yake binafsi yamechukua nafasi ya muziki, na wakamwingiza mume wake, Marcelo Cabuli, mfanyabiashara kutoka Argentina, kama mtu aliyechangia mabadiliko hayo. Tarja naye alijibu hadharani. Alieleza mshtuko na maumivu yake, na namna mumewe alivyoguswa katika maandishi yale. Mashabiki wakagawanyika vipande viwili, na wapo ambao mpaka leo hawajaungana.

Mimi sitahukumu nani alikuwa mkorofi ndani ya basi la ziara. Sikuwepo, na wewe hukuwepo. Swali langu ni dogo zaidi, na nadhani ni zito zaidi: walikuwa na haki ya kufanya nini?

Kuachana, walikuwa na haki. Hapo sina ubishi. Bendi si utumwa. Kama watu wanne wameona hawawezi tena kukaa chumba kimoja na wa tano, hawalazimiki kuendelea eti kwa sababu mashabiki wanampenda. Mapenzi ya mashabiki si pingu. Hata angekuwa na sauti ya malaika, mtu anaweza kupigwa chini, na yeye pia angeweza kuwapiga chini wao. Wanaosema "wasingethubutu kumtosa kwa sababu ndiye aliyewafanya wajulikane" wanafanya kosa lile lile la wanaosema wimbo ni wa mtunzi peke yake, ila wamegeuza upande. Wanataka koo limiliki kalamu.

Lakini haki ya kuachana ni jambo moja. Haki ya kuandika kuachana huko, na kukibandika ukutani watu wasome, ni jambo jingine kabisa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanne, na sababu yangu inatokana na kazi yetu wenyewe ya kuandika.

Barua ya wazi ina historia yake. Tarehe 13 Januari 1898 mwandishi Émile Zola alimwandikia rais wa Ufaransa barua ya wazi katika gazeti la L'Aurore, akimtetea Dreyfus, mwanajeshi aliyehukumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Kwa nini aliandika hadharani? Kwa sababu milango ilikuwa imefungwa. Waliokuwa na madaraka hawakutaka kusikia, na jambo lenyewe lilikuwa la taifa zima. Barua ya wazi ni silaha ya asiye na mlango wa kugonga, akimwambia mwenye nguvu juu ya jambo linalowahusu wote. Ndiyo heshima yake.

Sasa ipime barua ya Helsinki kwa kipimo hicho. Mlango haukuwa umefungwa. Mhusika alikuwa nao jukwaa moja dakika chache kabla. Jambo halikuwa la taifa. Lilikuwa la watu watano na mume mmoja. Na nani mwenye nguvu? Najua utaniambia, subiri kidogo, Tarja ndiye aliyekuwa sura ya bendi, picha zake ndizo zilizokuwa magazetini, wale wanne walijiona wanyonge nyuma yake. Kweli, na naamini walijiona hivyo kwa dhati. Ila usiku ule jina la bendi lilibaki kwao, nyimbo zilibaki kwao, tovuti ilibaki kwao, na mwandishi hodari alikuwa upande wao. Wanne kwa mmoja. Mtu anaweza kujiona mnyonge huku ameshika mpini, na mara nyingi hapo ndipo anapokata vibaya.

"Lakini mashabiki walistahili kujua!" Walistahili kujua kwamba wameachana. Hilo linasemeka kwa sentensi mbili. Kila kilichozidi hapo hakikuwa taarifa, kilikuwa hukumu, na aliyehukumiwa aliipata hukumu yake karibu saa moja na mtazamaji wa Chile au wa Japani asiyemjua hata kwa salamu.

Wapo watakaosema kwamba sisi watu wa Pwani hatuna mdomo wa kuwasema Wafini, maana nasi tumekuwa na mipasho. Hoja nzuri. Miaka ya 1990 Dar es Salaam, vikundi vya taarabu vya Muungano na TOT vilipashana mpaka watu wakawa wanaenda kwenye onyesho kusikiliza nani kamjibu nani. Lakini angalia mpasho unavyofanya kazi. Kwanza, hautaji jina. Unakuja na fumbo, na fumbo humwachia mhusika nafasi ya kuinuka na kucheza nao kama vile si yeye anayesemwa. Pili, anayepashwa ana jukwaa lake, wiki ijayo atajibu. Ni vita, sawa, ila ni vita vyenye ukumbi mbili na kipaza sauti kwa kila upande. Barua ile haikuwa na fumbo. Ilikuwa na jina, na jina la mume.

Cha ajabu ni kwamba mipasho nayo ilikuja baadaye. Bendi ilitafuta mwimbaji mpya, kanda takribani 2000 zikatumwa kutoka pembe za dunia, na mwaka 2007 wakamtangaza Anette Olzon wa Sweden. Sauti yake haikuwa ya opera kabisa, na hilo lilikuwa uamuzi wa busara, maana aliyeletwa kuiga angeteseka. Albamu ya Dark Passion Play ikatoka mwaka huo. Ndani yake ulikuwemo wimbo Bye Bye Beautiful, ambao Tuomas hakuficha kwamba unamhusu Tarja. Walioimba ni Marko na Anette.

Hapo nasimama kidogo. Mfikirie huyo Anette. Amekuja jana. Hakuwepo kwenye ziara, hakuandika barua, hana deni na mtu. Na anapewa ugomvi wa wenyeji auimbe kwa kinywa chake, mbele ya mashabiki ambao nusu yao tayari wanamchukia kwa kukaa kwenye kiti cha mwenzake. Kalamu ikikasirika haitoki damu yenyewe, huazima koo la mtu. Hii ndiyo hatari ya kudhani kwamba koo ni chombo. Ukishaamini hivyo kwa mwimbaji mmoja, utamfanyia na wa pili.

Je, miaka ilisemaje juu ya swali letu la kwanza, wimbo ni wa nani? Ilisema jambo ambalo nadhani hakuna upande uliolitegemea. Nightwish hawakufa bila Tarja. Walipotengana na Anette, tarehe 1 Oktoba 2012, walikuwa katikati ya ziara ya Amerika ya Kaskazini. Akaitwa haraka haraka Floor Jansen wa Uholanzi, aliyekuwa mwimbaji wa After Forever, akapanda jukwaani na kuimalizia ziara. Mwaka uliofuata akawa mwenyeji. Desemba 2015 waliimba Wembley, London. Mwaka 2024 walitoa albamu ya Yesterwynde. Kalamu ilipata makoo mengine.

Na Tarja hakufa bila Nightwish. Alitoa My Winter Storm mwaka ule ule wa 2007, akaendelea na albamu zake, na kwenye maonyesho yake huimba pia nyimbo za zamani za Nightwish, na watu huzipokea kwa shangwe. Koo lilipata kalamu nyingine, na lilijifunza kushika kalamu lenyewe.

Chukua wimbo mmoja, Ghost Love Score, wa dakika kumi hivi. Tarja aliuimba kwenye Once. Anette akauimba ziarani. Floor akauimba Wacken, Ujerumani, mwaka 2013, na wapo wanaosema siku ile ndipo ulipozaliwa upya. Maneno ni yale yale, nota ni zile zile, na bado ni nyimbo tatu. Mwenye kusema "wangu" hapo ni nani? Aliyetunga anaweza kusema, na hatakosea. Kila mmoja wa wale wanawake watatu anaweza kusema, naye hatakosea. Wimbo haumilikiwi kama mbuzi, kwamba akiwa zizini kwako hayuko zizini kwangu. Unafanana zaidi na mtoto aliyelelewa na nyumba nzima. Amezaliwa na mtu, ndiyo, lakini muulize anaita wangapi mama.

Kwa hiyo hofu iliyowasha moto 2005, ile ya "bila mimi ninyi si kitu," iwe ilitamkwa au ilidhaniwa tu, na kutoka upande wowote, ilikuwa hofu ya uongo. Kila mmoja aliweza kuishi bila mwenzake. Wangalijua hilo usiku ule, huenda barua ingekuwa fupi.

Nisije nikaonekana nahubiri kwamba ufupi na ukimya ndio dawa ya kila kitu. Walipoachana na Anette, tangazo la bendi lilikuwa fupi na la adabu, likisema pande zote zimeelewana. Baadaye Anette mwenyewe alieleza mambo tofauti na hivyo. Basi adabu nayo inaweza kuficha. Tangazo zuri lisilo la kweli ni koti safi juu ya shati chafu. Ninachodai mimi si ukimya. Nadai kipimo: ukweli aambiwe anayehusika, uso kwa uso, aweze kujibu, na umma uambiwe kile tu ambacho ni cha umma.

Sasa turudi kwetu, wenye madaftari. Wengine wetu tutaandika nyimbo, wengine tamthilia, wengine hadithi ambazo ndani yake wamo rafiki, wapenzi na ndugu zetu, hata tukiwabadilisha majina. Wote hao wametuazima kitu. Mwigizaji anatuazima mwili wake. Rafiki anatuazima maneno aliyoyasema akiwa ametuamini. Tutagombana nao, hilo halikwepeki. Na siku hiyo tutagundua kwamba tuna kitu ambacho wao hawana: tunajua kupanga maneno. Sentensi yetu itakuwa nzuri kuliko yao. Hoja yetu itasomeka vizuri hata kama si ya kweli yote, na watu wataamini kilichoandikwa vizuri. Mwenye misuli hafundishwi tu kupiga, hufundishwa na wakati wa kuweka mikono mfukoni. Sisi nani anatufundisha?

Tuomas Holopainen ni mtunzi mkubwa, na nyimbo zake zitaishi. Kwa miaka tisa alimpa mwanamke mmoja maneno ya kuimba, naye akayabeba mpaka yakafika kusikofikika. Kumwambia "tuachane" ilikuwa haki yake. Kumwandikia na aya za mwisho, na kuzisomesha dunia kabla mwenyewe hajafumbua mdomo, hapo kalamu ilivuka mpaka wake. Ilitaka kulitungia koo hata kimya chake.

Mwaka 2024 Marko Hietala, ambaye jina lake lilikuwa chini ya barua ile na ambaye naye aliondoka Nightwish mwaka 2021, alitoa wimbo uitwao Left on Mars. Anayeimba naye humo ni Tarja. Wamepanda jukwaa moja tena, watu wazima wenye mvi, wakaimba pamoja. Sijui walisemezana nini kabla ya kufika hapo, na nafurahi sijui. Hakuna aliyeibandika barua hiyo ukutani.

Wewe, msomaji, huenda unaniona namwonea mtunzi. Kama una hoja, kaa chini uiandike, tubishane. Ila kama ndani yake yumo mtu aliyekuudhi, mtafute kwanza, umsomee yeye.